Santuri au simu: ni kipi hasa kinachobadilisha sauti ya wimbo?

Swali: Msomaji wa Tanga ameniandikia kwamba marehemu baba yake alimwachia mashine ya kupigia santuri, amplifaya, spika mbili kubwa za mbao na sanduku lenye sahani zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970. Baadhi ya nyimbo za sanduku hilo amezipata pia kwenye simu, akazilinganisha. Kwenye santuri, anasema, sauti ya mwimbaji imejaa na besi inatembea chumbani. Kwenye simu, kupitia spika ndogo ya Bluetooth, wimbo uleule unakuwa mkali na mkavu. Mpwa wake, ambaye ni fundi mitambo wa ukumbi, anamwambia kwamba hayo ni mapenzi ya mambo ya kale tu, kwa kuwa dijitali inaishinda santuri kwa kila kipimo. Anauliza nani kati yao yuko sahihi, na kama ipo haja ya kuendelea kuzitunza sahani hizo ilhali nyimbo zinapatikana mtandaoni.

Jibu: Ndugu msomaji, mpwa wako amesema kweli kuhusu vipimo, na wewe umesema kweli kuhusu ulichokisikia. Mlipokosea nyote wawili ni katika kudhani kwamba tofauti hiyo imetokana na santuri kuwa santuri na dijitali kuwa dijitali. Kwa sehemu kubwa haikutoka huko. Imetoka kwa mikono iliyoushika wimbo huo njiani, tangu kwenye kanda ya studio hadi kwenye sikio lako, na nitalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu, kwa muziki wetu wa Afrika Mashariki, lina uzito kuliko mabishano yote ya analogi (sauti iliyohifadhiwa kama umbo la wimbi, kama kwenye santuri) na dijitali (sauti iliyoandikwa kwa tarakimu, kama kwenye simu).

Kwanza tuondoe lililo jepesi. Ulilinganisha spika mbili kubwa za mbao na spika ndogo inayoshikika kiganjani, na hakuna wimbo wowote, wa santuri wala wa simu, unaoweza kutoa besi halisi kwenye kifaa ambacho hakina upana wa kuusukuma upepo. Chukua waya, unganisha simu na amplifaya ileile ya baba yako, spika zilezile, kisha sawazisha ukubwa wa sauti kwa uangalifu kabla ya kutoa hukumu, kwa maana wimbo uliozidi mwenzake kwa desibeli moja tu, yaani kipimo kimoja kidogo cha nguvu ya sauti, sikio huuona ni bora, wala halitambui kwamba limedanganywa na nguvu. Ukifanya hivyo, sehemu kubwa ya ukavu ulioulalamikia itaondoka. Haitaondoka yote, na hiyo itakayobaki ndiyo yenye kustahili mazungumzo.

Toa sahani moja, uiinamishe chini ya taa ya meza. Utaona kwamba weusi wake haufanani: mahali bendi ilipotulia pamelala laini na kung'aa kama maji, na mahali ilipopamba moto pana rangi ya kijivu, kama pamekwaruzwa kwa mpangilio. Huo ni mfuo, na ni mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Umbo la kuta zake ndilo sauti yenyewe. Sindano inapopita hutikiswa na kuta hizo, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo mno, wa milivolti chache tu, ambao amplifaya huukuza hadi uweze kuziendesha spika.

Sasa fikiria shida ya fundi aliyeukata mfuo huo. Sauti nzito huhitaji mawimbi mapana. Angeziacha zilivyo, mfuo ungeyumba hadi kuingia kwenye mfuo wa jirani, au sahani ingejaa baada ya dakika chache. Sauti nyembamba nazo ni ndogo kiasi cha kumezwa na mlio wa msuguano wa plastiki. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1954 sekta ya muziki ya Marekani ilikubaliana kanuni moja, ambayo baadaye ilienea duniani: wakati wa kukata, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, wakati wa kupiga, amplifaya hufanya kinyume chake. Mabadiliko hayo si madogo, kwani kwenye ncha zote mbili hukaribia desibeli 20. Ndiyo maana mtu akichomeka mashine ya santuri kwenye tundu la kawaida la amplifaya, badala ya lile lililowekwa kwa ajili ya santuri, hupata sauti nyembamba kama ya redio iliyo ndani ya debe, kisha huilaumu sahani. Wewe unasema besi inatembea chumbani, kwa hiyo naamini mzee aliunganisha vyombo vyake ipasavyo.

Hata hivyo, besi hiyo inayotembea chumbani nina shaka nayo kidogo. Mashine ikiwekwa juu ya kabati moja na spika, mtikiso wa spika hurudi kwenye sahani, sindano huusoma kana kwamba ni sehemu ya wimbo, na amplifaya huutoa tena. Mzunguko huo huinenepesha besi, na wasikilizaji wengi huupenda bila kujua unatoka wapi. Ujaribu hivi: weka sindano juu ya sahani isiyozunguka, ongeza sauti kidogo kidogo, ukigonga kabati kwa kidole. Spika zikijibu kwa kishindo, sehemu ya utamu wako inatoka kwenye kabati. Ihamishie mashine kwenye meza nzito iliyo peke yake, usikilize upya.

Yapo mengine ambayo santuri huyaongeza au kuyapunguza bila kuombwa. Sindano haiwezi kuufuata mfuo kwa ukamilifu, na makosa yake mengi huzaa vivuli vya sauti vilivyo oktavu moja juu ya sauti halisi, ambavyo sikio huvipokea kama ujazo na wala si uchafu. Kwenye sahani za sterio, upande wa kushoto na wa kulia huvujiana, kwa kuwa kuta zote mbili zinasomwa na sindano moja. Utengano wake ni wa desibeli 25 hadi 30, wakati kwenye CD hupita 90. Besi nayo mafundi huiweka katikati kwa makusudi ili sindano isiruke. Matokeo yake ni muziki uliosogeleana, mwimbaji akiwa katikati kama aliyeketi nawe sebuleni. Vilevile, umbali kati ya sauti ya juu kabisa na mvumo wa chini wa sahani yenyewe ni desibeli 60 hadi 70 hivi kwenye sahani njema, ilhali CD hufikia 96. Kwa hesabu mpwa wako ameshinda. Lakini bendi ya dansi inayopiga kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho haizihitaji desibeli hizo zote.

Kasi nayo ina lake. Sahani kubwa ya sentimita 30 huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ukingoni na katikati vilevile, lakini mduara wa katikati ni mdogo. Ukingoni sindano hupita karibu sentimita 50 za mfuo kwa sekunde. Karibu na lebo hupita kama 20 tu, na wimbo uleule inabidi ubanwe ndani ya nafasi hiyo. Sikiliza herufi "s" na "sh" katika wimbo wa mwisho wa kila upande, utazisikia zikichanika kidogo. Sahani ndogo za mzunguko wa 45, ambazo bila shaka ndizo zilizojaa kwenye sanduku lako, hupita haraka zaidi kwenye mduara wa ukubwa uleule, na ndiyo sababu mojawapo ya nguvu na uhai wake. Ila hulipia kwa urefu, kwani upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Kongo na za kwetu ziligawanywa: upande wa kwanza waimbaji wanakamilisha beti zao, unageuza sahani, na upande wa pili magita yanaachiwa uwanja. Wazee waliozoea kuinuka kugeuza sahani katikati ya wimbo wanajua kwamba pumziko lile lilikuwa sehemu ya starehe.

Upande wa dijitali, hoja unayoisikia mara kwa mara ni kwamba unaikata sauti vipande vipande kama ngazi, wakati santuri huihifadhi ikiwa nzima kama mteremko. Mchoro wa ngazi unavutia, lakini unapotosha. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani katika viwango 65,536. Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 waliweka misingi ya hisabati inayoonyesha kwamba, ukipima kwa kasi inayozidi mara mbili ya sauti nyembamba kuliko zote unazotaka kuzihifadhi, vipimo hivyo vinatosha kulirudisha wimbi lote, pamoja na yaliyokuwa katikati ya kipimo na kipimo. Hakuna ngazi inayofika kwenye spika. Linalofika ni wimbi laini. Sikio la kijana mwenye afya hukomea kwenye hezi 20,000 hivi, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, nasi tuliovuka miaka 50, wengi wetu hatuzisikii hata 15,000.

Maelezo hayo hayamtoshi kila mtu, na sioni vibaya, kwa sababu muziki ni wa kusikiwa. Kwa hiyo nakuomba ufanye jaribio lililonibadilisha mimi mwenyewe. Nilikuwa mtetezi mkali wa santuri. Siku moja nilichukua sahani ya 45 niliyoipenda kuliko zote, nikaisafisha, nikairekodi kwenye kompyuta kwa kiwango cha CD, nikaziunganisha sahani na rekodi yake kwenye amplifaya moja na kuzisawazisha nguvu. Rafiki yangu alisimama nyuma ya pazia akibadilisha swichi. Mimi nilikaa na karatasi na kalamu nikiandika ipi ni ipi. Mikwaruzo ilikuwa ileile, na lile pumzi la mfuo kabla ya gita kuanza lilikuwa lilelile. Nilipopata jibu sahihi, nilipata kwa kubahatisha. Joto lote nililoamini kwamba tarakimu haziwezi kulibeba lilikuwa limebebwa, halikupungua. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba uzuri wa santuri uko katika namna sahani ilivyotengenezwa na inavyopigwa, na kwamba dijitali, ikitumiwa kwa uaminifu, huuchukua uzuri huo pamoja na kasoro zake zote.

Dunia ya wapenzi wa santuri nayo ilipata somo la aina hiyo mwaka 2022, ilipobainika kwamba kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity Sound Lab, iliyosifika kwa sahani ambazo wanunuzi waliamini zimetoka moja kwa moja kwenye kanda za asili, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikipitisha nyingi kati ya hizo kwenye hatua ya dijitali. Miongoni mwa waliozisifu kwa usafi wake wa analogi walikuwamo wasikilizaji mahiri kabisa. Watu hao hawakukosea kuzisifu, kwa kuwa zilikuwa sahani nzuri kweli. Walichokosea ni kukitaja kisichohusika kuwa ndicho sababu.

Basi, ikiwa dijitali inaweza kuibeba santuri nzima, kwa nini wimbo wako bado unasikika vibaya kwenye simu hata baada ya kuunganishwa na amplifaya ya mzee? Hapa ndipo nasimama upande wako dhidi ya mpwa wako. Jiulize nakala hiyo iliyoko mtandaoni ilitoka wapi. Kanda nyingi za asili za muziki wetu zilipotea, zilirekodiwa mambo mengine juu yake au ziliharibiwa na joto na unyevu. Sahani za bendi za Tanzania zilifyatuliwa Nairobi, na kilichobaki mikononi mwa watu ni sahani zenyewe na kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Mtu mwenye mapenzi mema huchukua kaseti ya namna hiyo, huipandisha mtandaoni, mwingine huipakua na kuipandisha tena, na kila mara programu hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya data za CD, ambazo ni kilobiti 1,411. Ubanaji huo ukifanywa mara moja tu, kutoka kwenye nakala safi, na kwa kilobiti 320, wengi hatutagundua; ukirudiwa mara tatu au nne, matoazi huanza kulia kama maji yanayomwagika kwenye changarawe.

Kuna pia madhara ya kutaka kusaidia kupita kiasi. Tangu miaka ya 1990, waandaaji wengi wa nakala za dijitali wamezoea kuubana wimbo ili kila sehemu yake iwe na nguvu karibu sawa, hadi ngoma iliyokuwa ikishtua inakuwa imelala usawa mmoja na gita la kiitikio. Wengine huondoa mikwaruzo kwa programu inayoondoa pamoja nayo kila kitu kinachofanana na mkwaruzo. Chukua wimbo wako mmoja wenye manyanga, usikilize manyanga peke yake. Kwenye sahani utasikia punje zikigonga ukuta wa kibuyu, kila moja na mlio wake. Kwenye nakala iliyosafishwa mno utasikia pumzi tu, fff, fff, kama mtu anayepuliza chai. Hilo halikusababishwa na tarakimu. Ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akaamua kwamba punje zile ni uchafu.

Mwendo nao mara nyingi hukosewa. Mashine iliyotumika kunakili ikizunguka haraka kidogo kuliko ipasavyo, mwimbaji wa sauti ya kati anageuka kijana na bendi nzima inapanda ufunguo. Hata sahani za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hutufikia zikiwa na mwendo tofauti kutegemea nani aliyezinakili, na msikilizaji wa leo anaweza kuijenga kichwani picha ya sauti yake isiyokuwa yake.

Kwa hiyo sanduku la baba yako usilitupe wala usilifungie. Kwa baadhi ya nyimbo hizo, huenda sahani iliyo mkononi mwako iko karibu zaidi na kile kilichosikika studio kuliko nakala yoyote ya mtandaoni, na hilo ni jambo la kushughulikiwa wewe na mpwa wako pamoja, yeye akitumia ujuzi wake na wewe masikio yako. Anzeni na sindano. Ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 hivi, na kama hujui mzee aliibadilisha lini, ibadilishe sasa, kwani sindano iliyochakaa huchonga kuta za mfuo na kilichochongwa hakirudi. Osheni sahani kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye tone la sabuni laini, kwa kitambaa kisichokwaruza, mkifuata mzunguko wa mfuo bila kuilowesha lebo, na muziache zikauke zikiwa zimesimama. Kisha rekodini kwa biti 24 kama kifaa kinaruhusu, ili msihangaike na kiwango cha nguvu, mkahifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti ambayo hulipunguza faili bila kutupa chochote. Nakala ya kwanza, yenye mikwaruzo yake yote, iwekeni kando bila kuigusa. Atakayetaka kusafisha asafishe nakala ya pili. Nyimbo zilizogawanywa pande mbili nazo zihifadhini zikiwa mbili, hata kama mtaunganisha nyingine kwa ajili ya kusikiliza garini.

Pigeni picha lebo za pande zote, na zile namba zilizochorwa kwenye plastiki tupu kati ya mwisho wa mfuo na lebo, kwa kuwa ndizo zinazowawezesha watafiti kujua sahani hiyo ni ya toleo lipi. Na mkikuta chini ya sanduku sahani nzito, zinazovunjika kama kigae, zenye mzunguko wa 78, msizipige kwa sindano hiyo hiyo: mfuo wake ni mpana kama mara tatu na huhitaji sindano yake. Wala msizisafishe kwa spiriti, maana nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha.